Kichwa cha Mjukuu na Mafuta ya Sindo

Miaka ya tisini, mjukuu wangu wa kwanza alikuwa akikaa na mimi Uriri. Baba yake, kijana wangu, alikuwa kazini mbali pamoja na mkewe, wakaniachia mtoto, na kichwa cha mtoto kikawa changu. Nywele zake! Nene, nyeusi, zimesimama kama mtama uliopaliliwa. Kanisani wanawake walikuwa wanageuka kuziangalia, nami najifanya sioni.

Lakini shule ya nasari ikifungwa, alipelekwa Sindo kwa nyanya yake wa pili, mama mzazi wa mke wa kijana wangu. Huyo ni mkwe wangu, na kwetu Wajaluo mkwe ni heshima tupu. Humgombezi. Ukiona kosa lake unalimeza, hata likukwame kooni.

Na kosa lilirudi likiwa juu ya kichwa cha mtoto. Nywele zimelala chapa, zimegandamana kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Ukizigusa, vidole vinang'aa. Mto aliolalia ulibaki na doa.

Sababu niliijua. Yule mama alikuwa anakaanga samaki pale ufuoni mwa ziwa, na mtoto anakaa kando ya karai kutwa nzima. Moshi wa mafuta unapanda, unatua kichwani. Jioni mama anachota mafuta ya kujipaka, anaongeza. Asubuhi tena. Maji hataki, eti kifua cha mtoto kitashika baridi. Sasa mafuta yanakaa juu ya mafuta, vumbi linanasa humo, nywele zinakuwa nzito. Zitasimamaje?

Nilimweka mtoto kwenye stuli nyuma ya nyumba. Maji ya mvua, ya vuguvugu. Sabuni niliitoa povu kwanza mkononi, kwa sababu ukisugua kipande chenyewe kichwani unazikausha mpaka zikatike. Nikasugua ngozi kwa ncha za vidole, nikasuuza, nikarudia mpaka maji yakatoka safi, na ya mwisho nikakamulia ndimu. Zikikauka, mafuta kidogo tu kwenye mistari ya ngozi, halafu nazifunga na uzi mweusi zinyooke juu.

Mtoto akalia. "Dani wa Sindo haniumizi!"

Dani ni nyanya. Mimi pia ni dani, lakini siku hiyo nilisikia kama jina limehamia Sindo. Usiku alilala amekumbatia leso aliyopewa huko, yenye harufu ya samaki. Asubuhi niliifua. Niliifua mara mbili.

Basi mkwe mwenyewe akaja kututembelea. Nikachinja kuku, nikamkaribisha kwa mikono miwili. Mtoto alimrukia hata kabla hajakaa.

"Mkwe wangu," akasema akipapasa zile nyuzi, "mtoto amekauka hivi? Ama huku Uriri mafuta ni ghali?"

"Mafuta yapo, mkwe wangu mpendwa. Tunayatumia kwa mboga."

Akacheka. Mimi pia nikacheka, meno tu.

Joto la mchana likamshinda, kitambaa chake cha kichwa kikateleza. Nikaona. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimelala vibaya kuliko za mtoto, zimeshikana na paji kama nyasi za ziwani. Moshi wa karai wa miaka yote hiyo ulikuwa pale. Akaona nimeona. Nilingoja afunike, hakufunika.

"Mkwe," akasema polepole, "na hizi zangu zinaweza kusimama?"

Mimi kumshika mkwe kichwa? Haiwezekani, ningeonekana nimepotea akili. Nikamwita mtoto amwoshe. Mkwe akaenda nyuma ya nyumba akainama juu ya beseni, mimi nikabaki mlangoni nimempa mgongo kwa heshima, natoa amri.

"Itoe sabuni povu mkononi kwanza! Umesuuza?"

"Maji bado meusi, dani!"

"Rudia! Usimwage yote, weka ya ndimu!"

Nikamsikia mkwe akiguna kwa raha. Mtoto naye anamwambia kwa sauti laini, "Pole dani, funga macho, isikuwashe." Sauti hiyo mimi sikuwahi kuambiwa. Ndimu ni yangu, maji ni ya bati langu, na bado pole zote zilikwenda kwake.

Zilipokauka zilisimama. Zilikuwa chache mbele, lakini zilisimama, za kijivu, nzuri kabisa. Mtoto akapiga makofi. "Dani wa Sindo amependeza!" Mama wa watu akaondoka jioni anatembea kama bibi harusi.

Nikakaa kwenye ile stuli, nikatoa kitambaa changu. "Mimi pia nina kichwa," nikasema.

Mtoto akanizunguka, akachungulia. "Chako ni safi, dani. Hakina mafuta." Akaenda kucheza.

Niliingia jikoni. Nikafungua chupa ya samli, nikachota mkono mzima, nikajipaka kutoka paji hadi kisogo, nikarudia, mpaka ikateremka nyuma ya masikio. Asubuhi nikamwita mtoto kwa sauti ya mgonjwa.

"Mjukuu wangu, njoo uone. Nywele za dani zimelala."

Akaja mbio na beseni.