Niligombana na supamaketi kuhusu bei ya unga, nikashindwa na mteja wangu

Leo nimeaibika ndani ya supamaketi hapa Kitale, na ni mdomo wangu ulinipeleka.

Nilienda kununua unga wa ngano. Wale hamjui, mimi huuza chapati mtaa wa Tuwan.

Kwa pakiti nikaona bei mpya imebandikwa juu ya ingine. Nikaibandua. Ya chini ilikuwa nafuu kwa shilingi kumi na tano!

Nikaita meneja. "Unga ni ule ule. Umepanda aje ukiwa kwa rafu?"

"Mama, stoki inayokuja ni ghali. Tukiuza hii kwa bei ya zamani, tutanunua hiyo na nini?"

"Na ikishuka, huwa mnashusha?"

Watu kwa laini ya kulipa wakasema, "Mwambie!" Nikajiskia mheshimiwa.

Halafu jirani yangu, Mama Nekesa, anayenunua chapati kwangu kila asubuhi, akaongea kutoka nyuma.

"Na wewe je? Unga ulipanda, ukatoa chapati shilingi ishirini ukaweka ishirini na tano. Unga ukashuka. Mbona chapati haikushuka?"

Bana! Laini yote ilicheka, na meneja pia.

Ukweli ni kwamba niliona wateja wamezoea, nikaacha tu.

Nimelipa bei mpya, nikamngoja Mama Nekesa mlangoni, nikamwambia ukweli huo.

"Sasa utashusha?"

"Na huu unga wa leo, siwezi. Lakini pia sipandishi."

"Hiyo sawa," akasema, tukatembea pamoja hadi nyumbani.

Wenye biashara, bei ya stoki ikishuka, ninyi hushusha? Semeni ukweli.