Kutafuta Mikono ya Kuajiri Emali

Niliporudi kutoka Uingereza na diploma yangu ya tiba ya viungo, hapakuwa na Mwafrika mwingine Ukambani aliyekuwa nayo, si Kitui nilikozaliwa, si Emali nilikofungua kliniki. Nalisema wazi kwa sababu niliitolea jasho. Nilizaliwa katika nyumba ya nyasi, nikaenda vitani kama mbeba machela, nikajifunza kukanda misuli ya askari katika hospitali ya jeshi kule India. Vita vilipokwisha wenzangu walirudi kununua ng'ombe. Mimi nilipanda meli. Nilifua mashuka ya hospitali Uingereza ili nijilipie karo, na nilipopewa ile karatasi yenye mhuri hapakuwa na mjomba, mzungu wala misheni ya kushukuru. Nilijishukuru mwenyewe.

Kliniki yangu ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, katika nyumba ya mawe niliyopangishwa na mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Niliiweka kama nilivyoona ng'ambo. Sakafu ya saruji ilisuguliwa kila asubuhi kwa sabuni ya karboli. Kulikuwa na kitanda kirefu cha kukandia, na mihimili miwili ya mbao ya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea upya. Diploma ilikuwa ukutani, ndani ya kioo, mahali ambapo mgonjwa aliyelala chali angeiona bila kugeuza shingo.

Kilichokosekana kilikuwa msaidizi. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Goti likishakauka, mmoja lazima alishike paja lisisogee hata kidogo, na mwingine auvute mguu polepole hadi mahali pa maumivu, na kupita hapo kidogo, kisha aurudishe. Anayeshika paja akilegea, mishipa inachanika. Kwa hiyo nilitangaza kanisani na sokoni kwamba natafuta mtu wa kuajiri, na watu wakaja. Laiti wasingalikuja.

Wa kwanza alisema alifunga vidonda miaka mingi katika zahanati ya serikali. Nilimwomba anionyeshe mikono. Kucha zilikuwa ndefu, na chini ya kila ukucha ulijaa ugoro, mweusi, wenye unyevu.

"Hiyo ndiyo mikono ya kumshikia mgonjwa?" nikamwuliza.

"Ugoro ni dawa, daktari. Unafungua kichwa."

Kisha akapiga chafya kwenye kiganja, akakifuta kwenye suruali, na akaninyooshea kiganja hicho hicho tuagane. Nilimwonyesha mlango kwa kidole.

Wa pili alikuwa mganga wa mifupa kutoka milimani, naye alikuja na kibuyu cha mafuta ya kondoo yaliyooza. Alikifungua ndani kabla sijasema kitu, na harufu ile ilikaa kwenye mapazia yangu mpaka nikayachoma. Wa tatu alikuja na kuku amefungwa miguu, zawadi yangu, ili nisimwulize maswali mengi. Kuku alinya chini ya diploma. Mwenye kuku alikitazama kinyesi, akanitazama mimi, akakifuta kwa unyayo wake, kana kwamba amekwisha kusafisha.

Mama mmoja alitumwa na mchungaji wake. Huyu alikuwa msafi, nikapata matumaini.

"Wanaume wakija kukandwa, watakuwa wamevaa suruali?" akauliza.

"Kaptula. Nitakandaje goti ndani ya suruali?"

"Basi wewe uwakande, mimi nitasimama pale nje niwaombee."

"Kuomba unaweza kufanya nyumbani, mama."

"Lakini nyumbani hunilipi," akasema, bila aibu yoyote.

Kila jioni nilioga kama mtu aliyetoka kuchinja. Kinyaa changu hakikuwa cha uchafu tu. Watu wote hawa waliona kazi niliyovukia bahari kuisomea kuwa ni jambo la kujipatia tu, kama kuuza machungwa kwenye madirisha ya treni.

Halafu akaja mwanamume mmoja wa hapo Emali, mpole, mwenye umri kama wangu, aliyekuwa mhudumu katika hoteli ya Mombasa. Kabla sijamwambia lolote aliuliza maji ya kunawa yako wapi. Nililala kitandani nikamwambia ainue mguu wangu na aushike hivyo hivyo huku nikimsimulia habari za Uingereza. Nilisimulia kwa makusudi, nikaendelea sana. Mikono yake haikutetemeka, wala hakuuliza nitamaliza lini. Nilimwajiri siku hiyo, nikamshonea koti jeupe, nikamfundisha mfupa kwa mfupa na msuli kwa msuli. Nilimwuliza alikosoma, kanisa analosali, kama anakunywa, kama amewahi kufungwa. Hapakuwa na kitabu Uingereza kilichosema nimwulize ameoa kwa nani.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoletwa mjane mmoja kutoka Nunguni. Mama huyu alikuwa akiteremsha viazi na kabeji Emali kwa lori, na siku moja alianguka kutoka juu ya magunia akavunjika paja. Hospitalini walimfunga plasta miezi mingi. Mfupa uliunga, lakini goti likawa gumu kama mchi. Na shamba lake lilikuwa la mteremko, la kulima kwa kuinama na kupiga magoti. Shemeji zake, ndugu za marehemu mumewe, walikwisha kumwambia kwamba mvua zikianza na yeye hawezi kulima, shamba litarudi kwao. Mwanamke wa mguu mmoja, walisema, shamba ataliangalia tu.

"Nipe goti langu, daktari," akaniambia alipolazwa kitandani. "Mengine nitawajibu mwenyewe."

Nilimwita msaidizi wangu ashike paja. Hakuitika. Bakuli la mafuta lilikuwa sakafuni, limepinduka, na dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Nilidhani ameniibia. Nilitoka nikamkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, koti langu jeupe amelivuta juu likamfunika kichwa.

"Umechukua nini?" nikamwuliza.

"Sijachukua kitu. Yule mama ameondoka?"

"Ataondokaje? Yuko kitandani, anakungoja wewe."

"Basi mimi nitakaa hapa."

"Una wazimu?"

"Daktari," akasema ndani ya koti, "nimemwoa binti yake."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani. Hiyo haya ya ukwe tunaiita nthoni. Akimwona njiani anaingia vichakani mpaka apite. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na habari ya kumshika paja haisemwi hata kwa mzaha. Mimi nilikuwa nayajua haya tangu utotoni, lakini sikutegemea kuyakuta ndani ya koti jeupe nililolishona mwenyewe.

"Wewe umebatizwa," nikamwambia.

"Hata mchungaji hukimbia wa kwake. Nimemwona kwa macho yangu."

Nilirudi ndani nimejaa hasira. Mama alikuwa ametulia, uso ameufunika kwa kanga.

"Ameruka dirisha," akasema, na ndani ya kanga nilisikia fahari. "Binti yangu alipata mume mwenye adabu."

"Adabu hiyo itakuacha kiwete, mwaitu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Na wewe, ungemshika mama mkwe wako hapo?"

Sikuwa nimeoa. Niliinama nikaokota bakuli la mafuta.

Jambo lililonichefua zaidi ni kwamba wote walijua. Dereva wa lori aliyemleta alijua. Mwenye nyumba yangu alijua, na alikuwa amekaa barazani pake kutazama nitafanya nini. Mkahawani walikuwa wamekwisha kucheka kabla hata mama hajateremshwa. Hakuna aliyeona inafaa kuniambia. Msomi, walisema, acha ajionee.

Nilijaribu kumweka mwanawe wa kumzaa amshike. Mama alipolia, kijana alimwachilia kama aliyeshika kaa la moto, goti likavimba tukapoteza wiki nzima. Nikaajiri mtu mwingine upesi, kutoka Salama, fundi wa kuchoma nyama hotelini, mwenye mikono yenye nguvu. Huyo alishika vizuri. Kisha jioni akaenda mkahawani kuwaeleza watu kovu la yule mama likoje, na linaishia wapi. Nilizipata habari hizo asubuhi kutoka kwa muuza maziwa. Nilimfukuza kabla hajavua kofia. Nimeona usaha, nimeona miguu iliyooza ndani ya viatu vya jeshi, lakini sijawahi kutaka kutapika kama siku hiyo. Mtu anayegeuza mwili wa mgonjwa kuwa kitoweo cha chai ni mchafu kuliko wa ugoro, na hakuna karboli ya kumtakasa.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa milima ya Nunguni. Shemeji wawili wa mama walikuja kliniki, wakasema wamepita kumsalimia. Hawakumsalimia. Walisimama wakautazama mguu kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani.

"Sema ukweli, daktari," mkubwa wao akaniuliza mbele yake. "Huyu atalima?"

"Atalima," nikasema.

"Mvua hizi?"

"Mvua hizi."

Walipoondoka mama aliniuliza kama nilisema kweli au nilisema kwa kiburi. Nikamwambia mimi sisemi lolote kuhusu goti ambalo siwezi kulithibitisha. Lakini sikuwa na mikono ya pili, na yeye alijua.

Siku iliyofuata msaidizi wangu, ambaye wakati huo wote alikuwa akisugua sakafu na kuwashughulikia wagonjwa wengine mama akisharudi alikofikia, alisimama mlangoni.

"Daktari, nthoni inaweza kuondolewa," akasema. "Wazee wakikubali, na yeye akikubali. Mbuzi anachinjwa, na mama anapewa blanketi."

"Na kwa nini hukusema siku ile?"

"Mkwe hawezi kuanza. Lazima yeye mama atake. Jana usiku alimtuma binti yake aniambie."

"Nitanunua mbuzi mimi. Leo hii."

Akanihurumia. "Mbuzi wako ataondoa ya kwako. Mimi lazima nitoe wangu."

Wazee wa pande zote mbili wakaja, na kwa kuwa mama hakuweza kutembea, shughuli ikafanyika kwangu. Nilikubali. Mbuzi alichinjiwa kwenye kizingiti cha kliniki. Damu iliingia ndani ya ufa wa saruji, na nzi wote wa soko la Emali wakapata habari. Mzee mmoja alipasua tumbo la mbuzi akachota yaliyokuwa ndani, majani mabichi yaliyosagika, yenye mvuke, akapaka mlangoni mwangu pande zote mbili. Mzee mwingine alijaza pombe ya asali kinywani, akawapulizia baraka mama na mkwewe, mvua ya mate na pombe, na matone mengine yakatua kwenye mashuka niliyoyachemsha jana yake. Nilisimama karibu na diploma yangu nikiwa nimebana pumzi. Nilifikiri juu ya walimu wangu wa Uingereza, na nikashukuru bahari ni pana.

Mama alilipokea blanketi. Akakata kipande cha nyama, akala nusu, akampa mkwewe nusu. Mkwe alikila akitazama chini.

"Sasa," nikawaambia wazee, "tokeni nje."

Nilisugua kitanda, nikabadilisha mashuka, nikamfanya msaidizi wangu anawe mara mbili. Kisha akaja upande wa paja. Uso aliugeuza ukutani, na mama aliufunika wake kwa lile blanketi jipya. Mikono ya msaidizi wangu, ile iliyokuwa imeushika mguu wangu bila kutikisika nilipompima, ilikuwa bado nyuma ya mgongo wake.

"Shika," nikasema.

Akashika. Paja halikusogea. Nilivuta mguu hadi mahali pa maumivu, na mama akauma blanketi.

"Nimwachie?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani ya blanketi. "Ukiniachia sasa, mwanangu, mbuzi wako ameliwa bure."

Hakumwachia. Nilipita mahali pa maumivu kidogo, na kitu ndani ya goti kililia kama kamba kavu. Tulifanya hivyo kila siku, asubuhi na alasiri, hao wawili bila kutazamana hata mara moja, mpaka mama akaweza kuteremka kitandani, kisha akatembea kati ya mihimili, kisha akatembea bila kuigusa. Halafu mvua zikanyesha, na akapanda lori kwenda kwao bila kuniuliza ruhusa.

Nilimfuata Nunguni wiki chache baadaye, maana mimi si mtu wa kuacha kazi yangu bila kuikagua. Njia ilikuwa utelezi mtupu, matope mekundu yakanifika juu ya viatu vyangu vya Uingereza, na nilikuwa nimeshachukia kila kitu nilipofika. Shemeji zake walikuwa wamesimama mpakani mwa shamba, wamejifunika magunia. Mkubwa wao aliniamkia kwa heshima. Sikumwitikia.

Mama alikuwa katikati ya mteremko, amepiga magoti yote mawili kwenye udongo, akipalilia maharagwe. Moja lilikunjika pungufu ya lingine, na jicho langu lililiona hilo upesi kuliko jicho la mtu yeyote. Nilimwita nilitazame.

"Ngoja, daktari," akasema bila kugeuka. "Nimalize mstari huu."

Nikasimama kwenye matope nikangoja.