Sumaku Apima Gari la Marehemu Shemeji

"Nani kaliosha? Nauliza, nani kaliosha hili gari?"

Kulikuwa na haja gani ya kujibu, na dada yake Sumaku amesimama pale pale, kitambaa kinamtiririka maji mkononi?

"Mgonjwa mkimpeleka hospitali mnampaka poda kwanza? Mara ngapi nimesema gari la kupimwa haliguswi! Vumbi ndilo linaloniambia mlango upi haukazi. Oili iliyodondoka chini ndiyo inaniambia injini inavuja wapi. Mmefuta kila kitu. Sasa nipime nini, sabuni?"

"Kaka, mnunuzi anakuja," dada mtu akasema. "Nimwonyeshe gari lenye kinyesi cha ndege?"

"Ndiyo! Kinyesi cha ndege hakijawahi kumdanganya mtu."

Majirani waliokuwa wameegemea ukuta wakacheka, naye akanyanyua mabega kidogo. Alipenda kuchekewa vichekesho vyake, hasa vikiwa vimemchoma mtu.

Walimwita Sumaku. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu, na hata mkewe alikuwa amelizoea hilo la gereji. Alilipata kwa ajili ya kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio mbovu, akakishonea ndani ya soksi ili kisichubue rangi za watu. Akiitwa kupima gari, analizunguka taratibu, anaitembeza ile soksi juu ya bodi. Palipo na bati, sumaku inanasa. Palipojazwa puti, ule unga wa kuzibia mashimo unaokauka ukawa kama jiwe, sumaku inadondoka. Ikidondoka sumaku, na bei inadondoka.

Aliingia gereji akiwa na miaka kumi na mitano, kazi yake kusugua kutu kwa msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama sahani. Akanyoosha bodi miaka thelathini. Akafika mahali mdomo wake unaaminiwa kuliko nyundo yake. Utaratibu wake ulijulikana: muuzaji anasimama upande huu wa gari, mnunuzi upande ule, yeye anazunguka mara moja, anataja bei mara moja. Baada ya hapo hakuna kuvutana. Asiyetaka bei yake aende zake, na asimwite tena. Ada ilikuwa elfu arobaini, kila upande nusu.

Watu walimwamini kwa sababu hakumpendelea mtu. Baba mkwe wake alikuja siku moja kuwasalimia, akamwomba amwangalizie kipikapu chake. Sumaku alikizunguka, akakitajia bei ya chuma chakavu mbele ya mzee mwenyewe na mbele ya wageni, halafu akaomba ada. Mkewe alikaa mwezi mzima bila kumsemesha. Yeye alisema mwezi ule alilala vizuri.

"Mimi ukweli wangu hauna sukari," alikuwa anapenda kusema. Sawa. Lakini kuna mtu anayekwambia ukweli kama anayekutoa mwiba, na kuna anayekwambia kama anayekuchoma nao. Sumaku alikuwa wa pili, na alitaka watazamaji.

Sasa siku hiyo gari lilikuwa la mume wa dada yake mdogo, aliyefariki miezi saba iliyopita. Spoti nyekundu ya milango miwili, ya kizamani, aliyoinunua marehemu kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Aliitoa Jumapili tu, akaitembeza mtaa mmoja, akairudisha, akaifunika kwa shuka. Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Alipanga vyumba viwili, cha mbele akishonea, cha nyuma akilala, na mwenye nyumba alikuwa anaviuza. Milioni saba, mwisho wa mwezi. La sivyo, kulikuwa na mtu mwingine mwenye pesa taslimu. Mtaa mzima ulikuwa unaijua hiyo saba.

Kabla mnunuzi hajafika, dada alimvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, sikuombi useme uongo. Lakini ukiona bei inacheza kati ya sita na nane, naomba usimame kwenye saba."

"Kwani nimeitwa kupima gari au kupima shida zako?"

"Gari, kaka."

"Basi niache nipime gari."

Mnunuzi akaingia. Alikuwa daktari wa meno, viatu vyeupe, mikono laini kama ya mtoto mchanga, begi la ngozi begani. Akawasalimia wote kwa adabu, halafu badala ya kuzunguka bodi kama wanavyofanya watu, akaomba boneti ifunguliwe. Akainama. Akatoa leso, akafuta kibati kidogo cha shaba kilichogongomelewa ndani, kikubwa kama kiberiti, akasoma namba zilizochongwa pale. Akaomba kadi ya gari. Dada akaleta faili zima, maana marehemu alikuwa hatupi karatasi, na alizopewa na mhandisi alizitunza pia, hata risiti ya plagi ya mwaka wa kwanza wa gari ilikuwamo. Daktari akasoma, akarudi kwenye injini, akasoma tena. Akafunga faili polepole na kuweka mikono nyuma.

"Daktari," Sumaku akamwambia, "karatasi hazipandi mlima."

"Wewe ndiye mtaalamu," daktari akacheka. "Mimi nang'oa meno tu."

Sumaku akaitoa soksi. Upande wa kulia, safi. Nyuma, safi. Alipofika ubavu wa kushoto, sumaku ikadondoka. Akairudisha, ikadondoka. Mara ya tatu hakuishika hata, aliiacha ianguke chini makusudi ili kila mtu asikie.

Akatabasamu, maana alikuwa anaijua habari ya huo ubavu. Miaka mitano nyuma shemeji yake aligonga nguzo ya geti. Badala ya kumletea shemejiye mnyoosha bodi, akalipeleka kwenye kigereji cha bei rahisi huko mbali, akasema kwa watu, "Nikimpelekea yule atanihutubia mwaka mzima." Maneno hayo yalimfikia Sumaku siku ile ile. Hakuyasema popote, lakini hakuyasahau.

Akachomoa bisibisi mfukoni, na bila kuomba ruhusa akachokonoa. Pande la puti likabanduka, jeupe, kubwa kama biskuti, na rangi nyekundu juu yake. Dada akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Njooni mwone!" Sumaku akaita. "Dada, mumeo alikuwa anaendesha chaki! Hili si gari, ni keki. Urembo juu, unga ndani."

Ukuta mzima ukacheka.

"Kaka, watu wanasikia."

"Si ndiyo maana nasema kwa sauti? Alikuwa anapita hapa Jumapili kama bwana harusi, mkono dirishani. Kumbe amebeba mfuko wa puti. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake unapunga!"

Dada akauweka mkono juu ya lile tundu, akaliziba, kama mtu anayemfunika aliyevuliwa nguo njiani.

"Milioni mbili na nusu," Sumaku akasema.

Daktari alimtazama kwa muda, muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Una uhakika?"

"Umewahi kusikia nimekosea?"

"Hapana. Sijawahi kusikia."

Basi begi likafunguliwa. Daktari akahesabu mbili na nusu, akalifunga begi haraka. Dada akapokea huku bado anamwangalia kaka yake, kama anayesubiri aongeze neno. Neno alilokuwa nalo Sumaku ni moja tu: ada. Daktari akampa elfu ishirini yake. Sumaku akaunyoosha mkono ule ule kwa dada.

"Kaka, hata leo?"

"Bei ni bei, ada ni ada."

"Nitakulipa. Siwezi kuzivunja hizi."

"Sawa. Lakini nitadai, usiseme hukuambiwa."

Na alidai. Mwisho wa mwezi vyumba viwili vilichukuliwa na yule mwenye pesa taslimu, dada akaibeba cherehani yake hadi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo unga unaingia dirishani na kutua kwenye vitambaa vya wateja. Nusu ya wateja walihama. Sumaku hakwenda kusaidia kubeba hata kiti. Ila walipokutana sokoni, mbele ya wauza nyanya, alimwita kwa sauti: "Ile ishirini yangu vipi, au nayo imejaa puti?" Wauza nyanya walicheka. Dada aliweka kikapu begani akaondoka.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja daktari wa meno akaingia gerejini na ile spoti.

"Nataka unibandulie puti yote upande huu, ugonge bati jipya. Usiangalie gharama."

Sumaku akamwonea huruma. "Daktari, mimi nachukua pesa ya mtu yeyote, lakini nikwambie kweli. Kazi hiyo itakula zaidi ya theluthi ya bei ya gari."

Daktari alicheka mpaka akatoa leso. Akamshika mkono, akamsogeza kwenye boneti, akamwonyesha kile kibati cha shaba.

"Soma."

Sumaku akasoma namba.

"Sasa soma kwenye kadi."

Namba ile ile.

"Hii ndiyo injini iliyozaliwa pamoja na gari. Karibu spoti zote za aina hii zilizobaki zimebadilishwa injini. Hii hapa nzima, na karatasi zake tangu siku ya kwanza. Nimeitafuta miaka sita. Bati? Bati utanigongea wewe wiki mbili tu. Hiyo injini utaigonga?"

Sumaku alikuwa bado ameinama, kama vile kuna namba nyingine ya kusoma.

"Ungelinunua kwa ngapi?"

"Siku ile begini nilikuwa na tisa. Na nyumbani nilikuwa nimeacha nyingine, kama dada yako angekaza."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza kama una uhakika." Daktari akakunja leso yake vizuri. "Mimi nani nibishane na Sumaku? Hajambo dada?"

Miaka thelathini alikuwa amepima teksi, vipikapu, malori ya mchanga, magari ambayo bati likiisha na gari limekwisha. Hakuna aliyewahi kumletea gari ambalo thamani yake haikuwa kwenye bodi, naye hakuwahi kudhani kwamba lipo. Lilipoletwa mbele yake, na mwenye kulijua akainama kulisoma, yeye akafanya mzaha wa karatasi na mlima.

Aliigonga ile kazi wiki mbili, na haikuonekana kasoro. Alilipwa laki tisa. Hakuifungua bahasha, akaenda nayo moja kwa moja hadi nyuma ya mashine ya kusaga.

Dada alikuwa anashona sare ya shule, nywele zina unga. Hakusimama.

"Karibu, kaka."

"Chukua hii."

"Ni nini?"

"Pesa. Zikusaidie."

"Wewe hujawahi kumsaidia mtu. Sema ni za nini."

Akamwambia. Alimwambia yote, kibati, injini, begi lenye tisa, kwa sauti ndogo ambayo majirani wa ukutani hawakuwahi kuisikia. Cherehani haikusimama mpaka alipotaja tisa. Iliposimama, mashine ya kusaga ndiyo iliyosikika peke yake.

"Tisa," dada akasema.

"Tisa."

"Kwa hiyo marehemu hakuwa anaendesha chaki."

Sumaku akaigeuza bahasha mikononi.

"Ulisema mbele ya mtaa mzima. Hili umekuja kuliambia unga."

"Chukua bahasha, mdogo wangu. Na ile ishirini nimekusamehe."

Dada akainuka. Akafungua kopo la vifungo, akatoa noti zilizokunjwa, akazinyoosha moja moja juu ya meza ya cherehani kwa kiganja, na sarafu juu yake. Bahasha akairudisha mkononi mwa kaka yake, akazipanga noti juu ya bahasha.

"Nani alikuomba msamaha? Uliitwa, ukapima, ukataja bei. Hiyo ni ada yako. Hesabu."

"Dada..."

"Hesabu, nikusikie."

Akahesabu. Alipofika kwenye sarafu akapotea, akaanza tena. Zilikuwa elfu ishirini kamili.

"Zimetimia?"

"Zimetimia."

"Basi sogea mlangoni, kaka, unaniziba mwanga." Na akaanza kutunga uzi.