Panzi Alipopiga Hodi

Hadithi ya sisimizi na panzi imenitoa jasho kuliko somo lolote, na mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Gungu tangu sina hata unywele mmoja mweupe. Unaijua. Sisimizi anakusanya chakula kiangazi chote, panzi anaimba. Mvua zinaanza, panzi njaa inamuuma, anakwenda mlangoni kwa sisimizi, anafukuzwa. Basi, imekwisha.

Sasa jaribu kuifundisha kwa watoto waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika.

Nikauliza, panzi anayeimba ni ishara ya nini? Mwongozo wa mwalimu unasema uvivu. Darasa zima likanijibu: mbalamwezi. Mbalamwezi! Kwa sababu mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, baba zao hawaingii ziwani, wanashinda ufukweni wanashona nyavu na kuimba. Nikasema haya, tuyaache hayo. Mlango uliofungwa mchana ni ishara ya nini? Mwongozo unasema malipo ya uzembe. Wao wakasema wenye nyumba wamekwenda msibani. Nilitamani kuivurumisha chaki ukutani.

Ningeachana nayo, lakini ndiyo hadithi tuliyopangiwa kuigiza kwenye mashindano ya shule, na washindi wangekwenda Dodoma kwa treni. Sisimizi wangu nilikuwa naye tayari: msichana wa darasa la saba kutoka Rusimbi, wazazi wake walitoka Burundi zamani, ana sauti ya kusimamisha soko. Honi ya treni ameisikia maisha yake yote, behewa hajawahi kulikanyaga. Mama yake alishamsuka nywele za safari kabla hata hatujashindana. Na kwa kuwa alikuwa anamaliza shule, nafasi ilikuwa hiyo hiyo moja.

Mazoezini alikuwa moto. Panzi, mvulana wa Buzebazeba, akisogea tu, binti anamkazia macho: "Wakati unaimba nilikuita, ulikuja? Toka hapa!" Hata mimi nilikuwa namwogopa.

Kilichotuponza ni mlango. Siku ya mashindano fundi seremala mmoja akatuazima mlango wa kweli na fremu yake, tukausimamisha jukwaani, nikajiona nimefanya la maana. Kule mazoezini hatukuwa na mlango, panzi alikuwa anatokea tu na kuanza kuomba. Sasa akafika pale, akauona mlango, akafanya anachofanya kila mtoto aliyelelewa na wazazi wake. Akagonga.

"Hodi!"

"Karibu!" sisimizi akajibu, hata pumzi sijavuta.

Na ukumbi mzima, wazazi, walimu, hata jaji mmoja, wakaitikia pamoja naye: "Karibu!"

Jamani! Binti akafungua mlango, akauchukua ule mkeka tuliouweka kama pambo, akautandika. "Umepotea sana," akamwambia panzi. "Za nyumbani?" Panzi naye, mpuuzi yule, akavua ndala, akakaa. "Nzuri tu." Mimi nyuma ya pazia natupa mikono kama mtu anayefukuza kuku: mtoe, mtoe! Hapo ndipo binti akakumbuka. Akanigeukia, macho yamemtoka, akaninong'oneza, na maikrofoni ikayapeleka maneno hadi viti vya nyuma:

"Mwalimu, ameshakaa."

Watu walicheka mpaka wakapiga viti. Majaji wakatupa sifuri kwenye dhamira, wakasema ujumbe wa hadithi umepotea. Nikawauliza umepotea wapi, wakaniambia niheshimu kikao. Ikashinda shule nyingine, iliyomfukuza panzi wake vizuri sana.

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia aliyeandika mwongozo, nikamkasirikia seremala na mlango wake, nikawakasirikia majaji. Na kuliko wote nilimkasirikia yule binti, maana safari yake mwenyewe ameitupa kwa neno moja. Mimi Dodoma nimekwenda, sina shida nayo. Yeye je? Jioni ile ile nikapanda bodaboda hadi kwao Rusimbi, nimgombeze mbele ya mama yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, makali, moja baada ya jingine, mpaka dereva akaniuliza, "Mama, unaongea na mimi?"

Nilipofika nikapiga hodi.

"Karibu, mwalimu!" Mama yake akatoka mbio akijifuta mikono kwenye kanga, akatandika mkeka barazani. "Leo umetukumbuka! Kaa, kaa." Nikakaa. Binti akaja na maji ya kunywa, akapiga goti, akanipa kikombe kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu." Nywele zake zilikuwa bado mpya, hazijafumuka hata mstari mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Marahaba," nikasema. Nikafungua mdomo niendelee.

Kutoka stesheni treni ikapiga honi. Binti akageuza uso kule honi ilikotoka, akaisikiliza mpaka ikaisha, kisha akaingia jikoni kumenya vitunguu. Nilitaka kusimama niende zangu na maneno yangu yote ya njiani. Lakini mama alikuwa ameshabandika maji ya ugali, na mimi nilikuwa nimeshakaa.