Siku Wateja wa Mkumbi Walipogeuka Mtu Mmoja

Shule sikufika nayo mbali. Darasa la nne lilinitosha, na mengine nilijifunzia njiani, nikipandisha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka ziwani hadi Mbinga mjini, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mgongo wa kubeba akaruhusiwa kuuza. Leo nina duka la mbegu na pembejeo ambalo wenye digrii huingia kuomba kazi. Kwa hiyo nilipokuwa wa kwanza hapa mjini kulipia mfumo wa wateja, ule unaokaa mtandaoni na si ndani ya kompyuta yako, sikujishangaa. Nilishangaa wenzangu wamechelewa wapi.

Katika mfumo huo kila mteja ana ukurasa wake: jina, kitongoji, namba ya simu na mbegu aliyoagiza. Msimu ukikaribia unabonyeza mara moja tu, na kila mkulima anatumiwa ujumbe wenye jina lake. Nilijisifia jambo hilo mpaka kwenye sherehe za kipaimara za watoto wa watu. "Mimi naongea na mkulima mmoja mmoja," nilikuwa nasema, na watu walitikisa vichwa kukubali.

Msimamizi wa mfumo nilikuwa mimi peke yangu. Kurasa zote zilijazwa na binti niliyemwajiri kutoka chuo, lakini pasiwedi ya usimamizi nilikaa nayo mwenyewe. Duka langu, funguo zangu.

Tukiwa tunasubiri mvua za kwanza, likaja tangazo la toleo jipya la mfumo. Binti alilisoma lote, mstari kwa mstari, kisha akanigeukia.

"Bosi, tusilikubali leo. Kuna sehemu ya majaribio, tulijaribu kule kwanza. Na tushushe nakala ya wateja wote tuiweke pembeni."

"Tujaribu nini? Waliolitengeneza hawakujaribu?"

"Wamejaribu kwa wateja wao. Wa kwetu hawawajui."

"Mwanangu, mimi nimepanda ile milima na gunia kichwani wewe hujazaliwa. Leo nitishwe na kitufe?"

Toleo lenyewe liliniuliza kama nataka lisafishe orodha kwa kuwaunganisha wateja waliojirudia. Nani anakataa usafi? Nikaweka tiki, nikakubali, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilimkuta binti amesimama, kiti amekisukuma nyuma.

"Bosi, Mkumbi imebaki na mteja mmoja."

Nilicheka. Halafu nikatazama mwenyewe. Wakulima wetu wote wa Mkumbi, kata ya kule milimani, walikuwa hawapo. Lilibaki jina la bibi mmoja mjane, kwa sababu ndiye tuliyemwandika wa kwanza, na chini ya jina lake kulikuwa na kila mfuko wa mbegu ulioagizwa na kata nzima. Kwa mujibu wa mfumo, bibi yule alikuwa anataka lori, na ujumbe wa kumthibitishia ulikuwa umeshatoka. Nikakaa juu ya gunia la mbolea.

Kosa lilikuwa langu, na lilianza zamani. Mfumo ulikuwa haukubali ukurasa usio na namba ya simu. Kule juu wengi hawana simu, na mtandao unashikwa kwenye kilima kimoja tu. Mwenye simu ni katekista wa kanisa la kule, ambaye wote humwita Mwalimu. Nikamwambia binti amwandike kila mtu kwa namba ya katekista. "Wote?" aliniuliza. Wote, nilimjibu. Toleo jipya lilipokuta namba moja, likaona ni mtu mmoja.

Mifuko tuliijua, wenye mifuko hatukuwajua tena. Na Mkumbi haina mbegu moja. Anayelima mabondeni kwenye joto anapanda mahindi ya muda mfupi; anayelima ngolo, yale mashimo ya mteremkoni, kule mgongoni mwa mlima kwenye baridi anataka ya muda mrefu. Ukiwabadilishia, watajua wakati wa kuvuna, na nyumba hiyo mwaka mzima haina ugali. Lori lilikuwa lipande keshokutwa.

Nikawapigia wenye mfumo, Dar.

"Kuunganisha hakurudi nyuma, mzee," alisema kijana wa huko. "Nakala unayo?"

Binti alikuwa anasikia. Nikakata simu.

Asubuhi yake katekista mwenyewe akaingia dukani, viatu vimejaa udongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, una nini na yule bibi? Ujumbe wake unasema umemtumia mbegu za kuotesha wilaya."

Nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akavuta kiti hadi kwa binti.

"Andika," akasema. "Wa kwanza, yule jirani wa kanisa: fupi, mifuko miwili. Mdogo wake: ndefu, mmoja."

Akaendelea hivyo bila karatasi, nyumba kwa nyumba, mpaka mifuko ikalingana na ile ya mfumo. Nikamuuliza amejuaje.

"Nitaachaje kujua? Kila msimu simu inajaa majina, nashuka kilimani, nampelekea kila mtu ujumbe wake. Siku nne kwa miguu. Nikiwa na malaria, tano."

"Na wewe ukurasa wako uko wapi?"

"Mimi? Sijawahi kununua kwako hata kopo. Napanda mbegu ya nyumbani."

Miaka yote ile nilikuwa naongea na mtu mmoja, na hata mteja wangu hakuwa.

Siku ile ile nilimpa binti usimamizi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuondoa ulazima wa namba ya simu; cha pili, kushusha nakala. Nawe uliyepewa pasiwedi kubwa, usiunganishe watu kwa namba ya simu kabla hujajua simu hiyo inashikwa na wangapi, na usikubali toleo jipya msimu ukiwa mlangoni.

Lori lilipanda, na usukani nilishika mwenyewe. Kwenye uwanja wa kanisa katekista alisoma majina, watu wakachukua mifuko yao wakimshukuru: asante Mwalimu, mbegu zako zimefika. Bibi mjane alipewa wake mmoja, wa muda mrefu. Akaupapasa, akaridhika, akanitazama mimi niliyeegemea lori.

"Mwalimu," akauliza, "huyu dereva wako ameshakula?"