Baba Alijichimbia Kaburi Ndiyo Nisome Chuo

Admin, jina langu lisionekane kabisa, kwetu wengi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, kifungua mimba, nyumbani ni nje kidogo ya Kitale. Niko mwaka wa mwisho chuo kikuu huku Bungoma, nasomea ualimu.

Nilipita vizuri kidato cha nne, lakini karo ya chuo ikatushinda. Baba ni kibarua, analima mashamba ya watu. Basari tuliyopata haikutosha hata muhula mmoja. Ndipo mjomba, kaka ya mama, akasikia kuna wafadhili wanaosomesha mayatima tu. Akasema, "Si tuandike ati baba yake alikufa? Karatasi haina macho."

Baba alikuwa ameketi hapo hapo akipukuchua mahindi. Huwa ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Akasema bila kuinua kichwa, "Andika, mama. Kufa kwa karatasi hakuumi."

Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: marehemu. Mjomba akatafuta cheti cha kifo kwa njia zake. Nikasoma, sikufukuzwa darasani hata siku moja.

Miezi miwili iliyopita wafadhili wakapiga simu. Wanakuja nyumbani, wanataka kuweka maua kwa kaburi la baba. Mama akashika kichwa. Mjomba akasema, "Kaburi ni udongo tu, bana."

Jameni, nilikuwa naomba baba akatae. Hakukataa. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya migomba, akalima, akarundika udongo, akaupigapiga na kiganja mpaka ukalainika. Kisha akaniuliza, "Mliandika nilikufa mwaka gani? Lisionekane jipya." Tukapanda nyasi juu, mimi na yeye.

Siku ya wageni alishinda kwa jirani. Mama alilia, na alilia kweli. Mimi niliongea vizuri, nikaweka maua, nikapigwa picha. Wageni walifurahi, wakaahidi kumsomesha na dada yangu mdogo.

Lakini habari zilifikia ndugu za baba. Kwetu kumchimbia mtu kaburi akiwa hai ni mwiko mkubwa. Walikuja wakaliona, mkubwa wao akamwambia mbele yetu, "Wewe umeuza kifo chako. Usikanyage kwangu tena." Siku hizi baba haendi kanisani, haendi matangani. Watoto wa njiani wanamwita marehemu, na yeye anaitika.

Mahafali yetu yamekaribia. Wafadhili watakuwepo, wamenichagua nitoe hotuba kuhusu marehemu baba yangu. Jana baba alinipigia simu akauliza, "Mama, naweza kuja nisimame nje ya geti tu? Sitakuita."

Nilikata simu. Nikisema ukweli, dada yangu hatasoma. Nikinyamaza, nitasimama pale nimlilie mtu anayenisikia. Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: nimjibu nini baba?