Kiti cha Mama Loretta

Sikwenda Brussels kutalii. Nilikwenda kumlinda Mama Loretta, Mmarekani mweusi wa miaka sabini na nane, jirani yangu Morogoro, aliyeanza kufungwa jela kwao Alabama akiwa kijana, kwa kosa la kukaa kwenye mkahawa wa Wazungu. Miaka ya elfu mbili na kumi ilikuwa ndiyo inaanza. Wanawake wa Kikongo walimwalika akawafundishe kazi aliyoifanya maisha yake yote: kukaa chini na kukataa kuondoka. Presha yake ilikuwa mbaya. Uwanja wa ndege binti yake, Naomi, alinikabidhi vidonge akasema, "Dada, naomba umrudishe mzima."

Jumatano asubuhi, Schaerbeek, mtaa mmoja wa Brussels. Mwenyeji wetu, Maman Astrid wa Lubumbashi, alikaa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Mimi nilihesabu ngazi kwa hofu. Mama alipanda akipiga soga. Mwenye nyumba alitaka familia zote zilizopanga jengo lile zitoke ifikapo Ijumaa. Kutwa nzima Mama aliwafundisha wanawake: legeza mwili, usimguse polisi, usijibu tusi. Akaniamuru nimtukane kwa mazoezi. Nilishindwa. Nitamtukanaje mtu wa rika la mama yangu?

Ijumaa, saa mbili asubuhi, tulijipanga mlangoni, sakafu baridi kwelikweli. Mama alipoinama akae, Maman Astrid alimshika mkono.

"Non, Maman. Muntu mukubwa hawezi kuikala chini. Bon, mulete kiti."

"Nimekuja kukaa chini na ninyi," Mama alisema.

"Itakuwa haya kwetu, Maman. Ikala."

Kikaletwa kiti chenye mto mwekundu. Moyoni nilishukuru. Mama alikaa amenuna.

Polisi walipofika walitubeba mmoja mmoja, wote tuliokuwa sakafuni. Mama walimpita, wakidhani ni bibi wa humo anayepumzika. Aliwafokea kwa Kiingereza wamkamate na yeye. Mmoja akamwekea mto vizuri. Mlango wa gari ukafungwa, na vidonge vyake vimo mfukoni mwangu.

Kituoni, saa sita mchana. Sikuogopa polisi, niliogopa saa ya ukutani. Dawa ya saa nne imepita, ya saa nane inakuja. Naomi nitamwambia nini? Nililia bila aibu.

Jioni walituachia. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka, na kando ya njia Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile, mwavuli mkononi. Alikuwa amepanda nacho tramu.

"Watu wangu wakiwa ndani, mimi siendi nyumbani," alisema. Kisha akakinga kiganja. "Haya, dawa zangu."

Mwenye nyumba aliwaongezea familia zile miezi mitatu, basi. Siku zote nilidhani maisha ya Mama ya kudai haki yalikuwa ni kukamatwa. Kumbe kuna na kungoja nje, na anayengoja haruhusiwi kuchoka.

Morogoro, Naomi alitupokea stendi. "Mama yangu ulimwangalia?"

"Hapana," nikamjibu. "Aliniangalia yeye."